Samaki wa bahari bila mawe hai: filta itafanya nini, na nini kitabaki kwako

Swali: Nina tangi la lita 200 ninalotaka kuligeuza liwe la maji ya chumvi. Sitaki kufuga matumbawe, nataka samaki tu: jozi ya samaki klauni na wengine wawili watatu wadogo. Kila ninayemuuliza ananiambia bila mawe hai tangi haliwezi kusimama. Mawe yenyewe ni ghali, na nimesikia huja na viumbe waharibifu. Nina filta ya mtungi iliyojaa pete za kauri. Je, inatosha? Kama haitoshi niongeze nini, na nitajuaje kwamba tangi liko tayari kupokea samaki?

Jibu: Inawezekana, wala si jambo la kubahatisha. Samaki wa baharini walifugwa kwenye matangi muda mrefu kabla mawe hai hayajawa mtindo. Maji yalivutwa kupitia changarawe iliyolazwa juu ya bamba lenye matundu, bakteria wakajijenga humo, na samaki wakaishi. Habari za mawe hai zilianza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Lee Chin Eng wa Indonesia alipoonyesha matangi aliyoyaendesha kwa mawe ya mwambani na viputo vya hewa, bila filta yoyote. Yalikuja kuenea hasa miaka ya 1980 na 1990, pamoja na ufugaji wa matumbawe nyumbani. Kwa hiyo wanaokuambia haiwezekani ama wana tangi la matumbawe akilini, ama wanarudia walichosikia. Hata hivyo ndani ya kosa lao kuna hoja moja ya kweli: mawe hai hufanya kazi mbili, na filta yako itafanya ya kwanza tu. Ya pili itakuangukia wewe.

Mawe hai, kwa msomaji ambaye hajawahi kuyaona, ni vipande vya mwamba wa matumbawe yaliyokwisha kufa, vyenye vishimo na mianya tele, vinavyotolewa baharini vikiwa bado na bakteria, mwani, minyoo, sponji na wadudu wadogo wa kila aina. Uhai uko katika hao wakazi. Jiwe lenyewe ni chokaa.

Kazi ya kwanza ni kuondoa amonia. Samaki akila protini, sehemu kubwa ya nitrojeni asiyoihitaji huitoa kama amonia, na zaidi hutoka kupitia matamvua kuliko kwenye kinyesi. Kinyesi chenyewe na mabaki ya chakula vikioza huongeza nyingine. Majini amonia huwa katika sura mbili: amoniamu, ambayo haina makali, na amonia huru, ambayo ndiyo sumu. Uwiano wa hizo mbili hufuata pH (kipimo cha asidi ya maji) na joto. Kwenye pH ya 7 sehemu iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH ya 8.2, ambayo ndiyo ya bahari, na joto la nyuzi 25, iliyo huru ni kati ya asilimia 5 na 8. Kipimo kilekile cha amonia ambacho mfugaji wa maji matamu angekiona cha kawaida, kwako kina sumu zaidi ya mara kumi. Hapa ndipo tangi la chumvi linapokuwa kali.

Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi ya kwanza hufanywa pia na vijidudu vya jamii ya akea, vinavyofanana na bakteria ila si bakteria. Mmojawapo, Nitrosopumilus maritimus, alipatikana kwenye tangi la maji ya chumvi la Seattle Aquarium, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Kwa upande wa nitriti, vitabu vya zamani vinamtaja Nitrobacter, lakini utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwenye filta za matangi anayefanya kazi hiyo zaidi ni Nitrospira. Kumbuka hilo unaposoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya bakteria dukani.

Bakteria hawa wote wanachohitaji ni sehemu ngumu ya kushikilia, maji yanayopita yakiwa na amonia na oksijeni, na muda. Hawaulizi kama sehemu hiyo ilitoka baharini. Plastiki, kauri, sponji, kioo, mchanga, ukuta wa bomba: kote watakaa. Kwa hiyo kwenye kazi ya kwanza jiwe hai halina chochote ambacho filta haina, na filta nzuri hulipita kwa sababu maji hulazimishwa kupita karibu na kila bakteria, ilhali kwenye jiwe hupita juu juu.

Sasa je, pete zako zinatosha? Hebu tupige hesabu, maana watu wengi hununua filta kwa kukisia. Wafugaji wa samaki wa kibiashara wana kanuni rahisi: uzito wa chakula kikavu, mara sehemu ya protini, mara 0.092, unapata nitrojeni ya amonia itakayotolewa. Tuseme samaki wako wote kwa pamoja wanakula gramu 1 ya chakula kikavu kwa siku, chenye protini asilimia 45. Hiyo ni miligramu 41 za nitrojeni kwa siku. Kwenye lita 200 za maji, amonia ingepanda kwa 0.2 mg/L kila siku kama hakuna wa kuila. (Chakula kilichogandishwa sehemu kubwa ni maji, usikilinganishe gramu kwa gramu na kikavu.)

Nani atakula miligramu hizo 41? Vigurudumu vya plastiki vya aina ya K1, vile vilivyobuniwa Norway kwa ajili ya kusafisha maji taka, vina takriban nusu mita ya mraba ya uso uliokingwa katika kila lita moja. Nikichukua kasi ya chini, ya tahadhari, ya miligramu 50 za nitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa sababu kwenye maji ya chumvi bakteria hawa huenda polepole na kwenye tangi la nyumbani amonia huwa haba, unahitaji chini ya mita ya mraba moja. Yaani kama lita mbili za vigurudumu. Pete za kauri kiasi hichohicho, zikiwa safi na maji yakipita vizuri, nazo zitamudu. Filta yako ya mtungi bila shaka inabeba zaidi ya hapo, na bado hatujahesabu mchanga, vioo na mabomba. Kwa amonia, basi, unacho cha kutosha na ziada.

Matangazo yanayodai kwamba lita moja ya kauri ina mamia ya mita za mraba yasikushughulishe. Hesabu hiyo inajumuisha vitundu vidogo mno ambavyo maji hayapiti, na vilivyo karibu na uso huzibwa na utando wa bakteria wenyewe. Bakteria anayehitaji oksijeni hukaa pale oksijeni inapofika, yaani juu na karibu na juu. Baada ya miezi michache tofauti kati ya kauri ya bei mbaya na sponji ya kawaida huwa ndogo kuliko karatasi inavyosema.

Kinachonipa wasiwasi kuhusu filta ya mtungi ni hewa. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 25 maji matamu yaliyoshiba hewa yana takriban 8.2 mg/L, ya chumvi hayafiki 7. Kugeuza miligramu moja ya nitrojeni ya amonia hadi nitrati kunakula kama miligramu 4.6 za oksijeni. Hiyo peke yake si mzigo kwa samaki wachache. Mzigo unatoka kwenye uchafu. Mtungi umefungwa, na kinyesi kikilundikana kwenye pete, bakteria wanaoozesha uchafu, ambao huongezeka kwa kasi mno kuliko wa amonia, watakula oksijeni kwanza na kuwafunika wenzao. Kwa hiyo weka sponji nene au pamba mahali maji yanapoingilia, kabla ya pete, na uioshe mara mbili kwa wiki. Wengi huosha sponji hiyo pale tu maji yanapoanza kwenda polepole, na kufikia hapo uchafu umeshaoza na nitrojeni yake imeshayeyuka majini. Sponji ni ya kuutoa uchafu nje ya tangi. Ukiuacha humo umeuhamisha tu kutoka mahali unapouona hadi mahali usipouona.

Ungekuwa unaanza bila kifaa chochote, ningekushauri filta ya kudondosha, ambapo maji hutiririka juu ya vijipira vya plastiki vilivyo hewani ndani ya tangi la pili lililowekwa chini ya lile la samaki. Oksijeni haikosekani hapo. Vigurudumu vinavyozungushwa na hewa navyo ni vizuri, kwa kuwa vinagongana na kujisafisha vyenyewe. Lakini usitupe ulichonacho.

Vijipira hivyo vimepakwa jina baya la kuwa "kiwanda cha nitrati", na hapa tunafika kwenye ile hoja niliyosema ni ya kweli. Filta haizalishi nitrati zaidi ya amonia inayoingia. Miligramu 41 za nitrojeni zitakuwa miligramu 41 za nitrojeni, zipite kwenye plastiki au kwenye jiwe. Kinachotofautiana ni kinachofuata. Ndani ya jiwe hai, sentimita chache kutoka juu, oksijeni imekwisha, na bakteria wa huko hupumua kwa kutumia nitrati badala ya oksijeni na kuiachia kama gesi ya nitrojeni inayopanda na kutoka. Hiyo ndiyo kazi ya pili. Kwenye pete zinazopitiwa na maji kwa kasi kazi hiyo karibu haifanyiki, hata kama muuzaji anasema vitundu vya ndani havina hewa. Nitrati itapanda kila siku, na hakuna kitakachoishusha ila wewe.

Itapanda kwa kiasi gani? Turudi kwenye gramu yetu moja ya chakula. Miligramu moja ya nitrojeni ni sawa na miligramu 4.43 za nitrati, kwa hiyo 0.2 mg/L za nitrojeni kwa siku ni kama 0.9 za nitrati, au 6.4 mg/L kwa wiki. Ukibadilisha maji kila wiki, nitrati haitapanda bila mwisho. Itafika mahali ambapo unachokitoa ni sawa na kinachoongezeka, na mahali hapo unapapata kwa kugawa ongezeko la wiki kwa sehemu ya maji unayobadilisha. Ukibadilisha asilimia 10, nitrati itakomea kwenye 64 mg/L kabla ya kila badiliko. Ukibadilisha asilimia 20, itakomea kwenye 32. Kwa asilimia 20 itachukua kama wiki kumi kukaribia kiwango hicho, ndiyo maana tangi jipya huonekana halina tatizo kwa miezi miwili na mwenye nalo hudhani amewashinda wataalamu.

Hesabu hiyo ina mianya pande zote mbili. Kinyesi ukikiacha kioze, nitrati itazidi. Ukiwa na skima, kile kifaa cha kutoa povu, itapungua, kwa sababu skima huvuta mabaki ya protini kabla hayajafika kwa bakteria. Kwa tangi lisilo na mawe hai naiona skima kuwa kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya taa nzuri, na kabla ya vichujio vya ziada vya kauri ambavyo tumekwisha kuona huvihitaji. Inaingiza hewa pia, na tumeona hewa ilivyo haba.

Samaki wenyewe ni wavumilivu wa nitrati. Maji ya juu ya bahari ya tropiki yana chini ya 1 mg/L, lakini samaki wengi wa matangini huishi vizuri kwenye 30 au 40. Mimi nisingependa kuona inapita 40 kwa muda mrefu. Kwa samaki wanne watano wadogo, skima, sponji inayooshwa, na asilimia 20 ya maji kila wiki vitakuweka chini ya hapo. Huhitaji mtambo wa kuondoa nitrati. Nasema hivyo kwa sababu ukiingia dukani na neno "nitrati" mdomoni utauziwa.

Ukija kuongeza samaki, au ukipenda wale wakubwa wenye kula sana kama kikande na bunju, hesabu itabadilika na maji peke yake hayatakutosha. Njia ninayoipenda zaidi ni mwani mkubwa, hasa Chaetomorpha, unaokua kama nyuzi zilizosokotana, ukiwekewa chumba chake chenye taa kali na maji yanayopita. Mwani hula amonia na nitrati, nawe unauvuna na kuutupa. Nitrojeni imetoka nje ya tangi mkononi mwako, unaiona. Caulerpa, mwani mwingine, hukua kwa kasi zaidi lakini ina tabia ya kuachia mbegu zake zote kwa mpigo na kufa, maji yakageuka maziwa ya kijani ghafla. Usimwage mabaki yake mahali yatakapofika baharini: Caulerpa taxifolia ilionekana pwani ya Monaco mwaka 1984, ikaenea Mediterania na kuwa tatizo kubwa kwa miaka mingi.

Mchanga mzito wa kina cha sentimita 10 au zaidi nao huondoa nitrati, kwa njia ileile ya jiwe: chini hakuna oksijeni. Ni njia nzuri ikijengwa kwa mchanga laini na ikiachwa bila kuguswa. Ila bahari ina salfeti nyingi, karibu 2,700 mg/L, na pale nitrati inapokwisha mle chini bakteria wengine hugeukia salfeti na kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikitulia chini haina neno. Ukiufukua mchanga huo baada ya mwaka, samaki wanaweza kufa mchana huohuo. Kwa tangi la lita 200 ambalo mwenyewe bado anajifunza, ningeweka mchanga wa sentimita 2 au 3, ambao unaweza kuufyonza kila wiki. Wengine humimina siki au vodka kidogo kidogo ili kuwalisha bakteria wanaobeba nitrati miilini mwao, kisha skima ikawatoa. Inafanya kazi, lakini kipimo kikizidi bakteria hufumka na kumaliza oksijeni usiku. Iache kwanza.

Nitrati inakuja na mwenzake asiyesemwa sana: asidi. Amonia inapogeuzwa inakula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuhimili asidi. Nitrati ikipanda kwa 50 mg/L, ualkali umeshuka kwa 0.8 meq/L, ambayo ni kama 2.3 kwenye kipimo cha dKH. Mawe hai yakiondoa nitrati hurudisha ualkali huo. Wewe hutarudishiwa, ila kwa maji mapya. Ukiona pH inateremka mwezi hadi mwezi, pima ualkali kabla hujanunua chupa yoyote ya kupandisha pH.

Usidhani zeolaiti, yale madini yanayouzwa kwa kunyonya amonia, hufanya kazi kama kauri na plastiki. Zeolaiti hunyonya amoniamu kwenye maji matamu, lakini kwenye maji ya chumvi sodiamu inajaza nafasi zote na haibaki ya amoniamu. Mkaa nao hauondoi amonia.

Kuhusu kuanzisha tangi. Jaza maji, tia chumvi ya bahari hadi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27, pampu zote ziwake, taa zizime ili mwani usikutangulie. Usitumie samaki kama chambo cha kuleta amonia, ni mateso yasiyo na sababu. Tumia amoniamu kloridi safi: gramu 1.5 kwenye lita 200 itakupa nitrojeni ya amonia takriban 2 mg/L. Usipitishe 5, kwa kuwa amonia nyingi huwazuia bakteria wa nitriti. Tia na chembe chache za chakula cha samaki, kwa sababu maji mapya ya chumvi ya dukani huwa karibu hayana fosfeti, na bakteria wa nitriti wakikosa fosfeti husimama. Nimeona matangi yaliyokwama wiki nyingi kwenye nitriti yakafunguka kwa kipande cha chakula.

Mbegu, yaani bakteria wa kuanzia, ni muhimu kuliko unavyodhani. Bakteria hawa huhitaji saa nyingi, wakati mwingine siku nzima au zaidi, kujigawa mara moja, ndiyo maana tangi la chumvi lisilo na mbegu linaweza kuchukua wiki nne hadi nane. Mbegu bora ni sponji kutoka tangi la chumvi la mtu unayemwamini, lenye samaki wazima. Sponji hubeba hata magonjwa, kwa hiyo ukiwa na shaka na samaki wa mwenzako usiichukue. Sponji ya tangi la maji matamu haikusaidii: bakteria wake wakitumbukizwa ghafla kwenye chumvi kamili wengi hufa au huzimia. Bakteria wa chupa hufupisha muda ikiwa ni wa maji ya chumvi na wamehifadhiwa kwenye ubaridi. Chupa iliyokaa juani haina maana.

Amonia itashuka kwanza, nitriti itapanda, halafu nayo itashuka. Nitriti ikiwa juu usiamini kipimo cha nitrati, kwa sababu kipimo chenyewe hufanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti, basi nitriti iliyopo husomeka kama nitrati nyingi mno. Wala usiogope nitriti kama wenzetu wa maji matamu. Kwa samaki wa baharini si sumu kali, maana maji yana kloridi kama gramu 19 kwa lita, nayo huizuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Hofu yako iwe kwa amonia.

Utaambiwa tangi liko tayari pale linapomaliza 2 mg/L ya amonia ndani ya saa 24. Ukikumbuka hesabu yetu, hiyo ni miligramu 400 za nitrojeni kwa siku, karibu mara kumi ya watakachotoa samaki wako. Ni kipimo kizuri kwa anayetaka kujaza tangi siku moja. Kwako, ukitia nusu yake jioni na kesho yake jioni amonia ikasoma sifuri, mara mbili mfululizo, inatosha. Badilisha maji nusu ili kutoa nitrati iliyokusanyika, kisha leta klauni wawili. Kama kutakuwa na siku za kusubiri samaki, endelea kuwalisha bakteria amonia kidogo kila siku mbili tatu. Wengine wafuate mmoja mmoja, wiki tatu au nne zikipita katikati, amonia ikipimwa kila mara. Kama umetia dawa ya kuifunga amonia, ujue baadhi ya vipimo vitaisoma hata ile iliyofungwa, utadhani filta imekufa.

Samaki watahitaji pa kujificha. Kwa hilo mawe makavu ya chokaa yanakufaa kuliko mapambo ya plastiki. Hayana minyoo wala anemoni waharibifu wa Aiptasia, na mwaka ukipita yatakuwa na bakteria ndani na nje, pengine hata yakaanza kuondoa nitrati kidogo. Yaloweke kwanza kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa wiki kadhaa na upime fosfeti, kwa sababu mengine huitoa kwa wingi.

Kukosa mawe hai kunaweza kukupa faida moja ambayo wenye mawe huionea wivu, mradi tangi halina chokaa ya aina yoyote: dawa. Samaki wakipata Cryptocaryon, ule ugonjwa wa vidoa vyeupe, tiba ya uhakika ni shaba, nayo huua wanyama wengi wasio na uti wa mgongo na hunyonywa na chokaa, ikawa huwezi kushikilia kipimo. Kwa hiyo ukiweka mawe makavu na mchanga wa chokaa, shaba usiitie humo. Uwe na tangi dogo la kando, tupu, lenye bomba za plastiki za kujifichia na sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa. Sponji hiyo iache ikae kwenye tangi kubwa siku zote, ili siku ya ugonjwa uihamishe ikiwa na bakteria wake. Samaki wapya nao wapitie huko kwanza.

Matunzo ya filta ni machache. Pete zisafishe kwa maji uliyoyatoa tangini wakati wa kubadilisha, kamwe si ya bomba yenye klorini, na usisafishe zote siku moja: nusu sasa, nusu baada ya mwezi. Umeme ukikatika, mtungi uliofungwa humaliza oksijeni yake ndani ya saa chache, bakteria huanza kufa na uchafu huoza. Ukikatika kwa muda mfupi, washa tu. Ukikatika usiku kucha, usiwashe. Fungua mtungi, mwaga maji yote yaliyomo, suuza pete kwa maji ya chumvi, ndipo uwashe, na upime amonia jioni hiyo na siku mbili zinazofuata. Katika siku hizo samaki wapewe chakula robo ya kawaida, au wasipewe kabisa. Samaki wazima hawatadhurika kwa njaa ya siku mbili.